Mashua ya Tanga Ijengwayo Nyumbani: Asiye Fundi Aanzie Wapi

Januari 1963, katika maonyesho ya vyombo vya majini jijini London, gazeti la Daily Mirror lilizindua mashua ndogo ya tanga ambayo mnunuzi hakuikuta imejengwa. Alipewa vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa, waya wa shaba, gundi, utepe wa faibaglasi na maelekezo, akaenda kujijengea mwenyewe nyumbani. Bei ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Umbo lake lilichorwa na Jack Holt, bingwa wa mashua ndogo za mashindano, akishirikiana na Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha Waingereza kujifanyia ufundi wa nyumbani. Mashua ikapewa jina la gazeti, Mirror. Tangu hapo zimejengwa zaidi ya 70,000, sehemu kubwa kwa mikono ya watu ambao hawakuwahi kuwa maseremala.

Kwa msomaji wa Pwani yetu, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Sisi tunao mafundi wa kweli. Wale wa Matondoni huko Lamu na wa Nungwi huko Unguja hulaza mkuku, hupandisha mbao, kisha hutia mataruma yaliyochongwa kwa matawi yaliyopinda kwa maumbile, na yote hayo bila ramani ya karatasi. Umbo la chombo limo katika jicho la fundi. Jicho hilo hupatikana kwa miaka mingi ya kukaa chini ya fundi mwingine, na mwalimu wa shule, nesi au dereva anayetaka kujenga mashua siku za mapumziko hana miaka hiyo.

Walichofanya Holt na Bucknell ni kuuhamisha ujuzi kutoka mkononi mwa fundi na kuuweka ndani ya mchoro. Hilo ndilo jambo la kuelewa kabla ya kununua hata skrubu moja. Mjenzi wa ridhaa anaweza kujenga chombo kizuri na salama bila kuwa fundi, mradi auheshimu mchoro uliotungwa na mjuzi. Nguvu zake mwenyewe azitie katika mambo matatu: vipimo, kuzuia maji yasiingie katika mbao, na kuusoma upepo.

Udogo ni faida

Kinachozizika mashua nyingi za ridhaa kabla hazijaonja maji ni tamaa ya ukubwa. Mtu anajiambia kwamba mita 6 si nyingi sana kuliko mita 3. Hesabu inakataa. Ukiongeza urefu mara mbili, na upana na kina vikafuata, ujazo wa chombo unazidi mara nane. Mbao zinakuwa nene zaidi, gundi inaongezeka, tanga linakuwa kubwa na kamba zake nzito, na kazi iliyotazamiwa kuchukua miezi inageuka ya miaka. Ndipo chombo kinapobaki uani kikinyeshewa.

Mirror ina urefu wa mita 3.3, upana wa mita 1.4 hivi, na uzito wa kilo 45 hivi bila mlingoti na matanga. Watu wawili wanaibeba. Hiyo haimaanishi kwamba ni kitu cha kuchezea bwawani: mwishoni mwa miaka ya 1990 mwalimu mmoja, A. J. Mackinnon, aliondoka Uingereza na Mirror kuukuu, kwa tanga na kwa makasia, akapita mito na mifereji ya Ulaya hadi Bahari Nyeusi.

Kuna ndogo zaidi. Mwaka 1947 Clark Mills wa Clearwater, Florida, alichora Optimist kwa ajili ya watoto. Ina urefu wa mita 2.3, na iliwekwa katika kipimo ambacho plaiwudi mbili za futi 4 kwa 8 zingetosha. Hadi leo ndiyo mashua ambayo watoto wa nchi nyingi huanza nayo kujifunza tanga. Mtu mzima anayetaka chombo chake cha kwanza atafute mchoro wa mita 3 hadi 4, uliokwisha kujengwa na wengi, wenye vipimo vya kila kipande.

Kushona kwanza, kugundisha baadaye

Mbinu ya Mirror ni ya kushona. Hapa Pwani ina ndugu wa kale. Mitepe ya wenyeji wa visiwa vya Lamu iliungwa kwa kushona mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, na kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vya kushona katika mwambao huu. Tofauti ni kwamba mshono wa mtepe ulibeba nguvu za chombo maisha yake yote, ilhali waya wa Mirror unashikilia kwa muda tu mpaka gundi ikauke.

Kazi inakwenda hivi. Unahamisha vipimo vya mchoro kwenye plaiwudi: alama kila baada ya umbali fulani, kisha unapindisha ubao mrefu mwembamba upite katika alama zote na kuchora mstari wa mviringo mororo. Vipande vya kulia na kushoto vikatwe pamoja, kimoja juu ya kingine, ili vifanane kabisa. Halafu toboa matundu madogo, kiasi cha sentimita 1 kutoka ukingoni na sentimita 15 hivi kutoka tundu hadi tundu. Pitisha vipande vifupi vya waya wa shaba, visokote vikiwa vimelegea, inua mbavu za chombo, kisha kaza polepole ukizunguka chombo chote.

Hapo unaona jambo linalowashangaza wengi. Vipande vilivyokuwa bapa sakafuni, vikikutanishwa kingo zao zilizopinda, vinajikunja vyenyewe na kuwa chombo chenye tumbo na omo. Mstari wa ukingo ndio unaoamua umbo lote. Kwa sababu hiyo milimita 5 zilizopotea kwenye ukingo zitaonekana ubavuni, na msumeno uendeshwe nje kidogo ya mstari, kisha randa na msasa vimalizie.

Kabla ya gundi, hakikisha chombo hakikupinda wala kusokoteka. Pima kutoka katikati ya omo hadi kila pembe ya tezi: vipimo viwili viwe sawa. Kisha laza fito mbili zilizonyooka, moja mbele na moja nyuma, uchungulie kwa jicho moja juu yake. Zikiwa sambamba, chombo kimekaa sawa. Zisipokuwa, legeza waya na urekebishe sasa, maana gundi ikishakauka hakuna wa kurekebisha. Mashua iliyosokoteka itapendelea upande mmoja kila siku ya uhai wake.

Baada ya hapo unajaza pembe za ndani kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao mpaka iwe uji mzito, unailainisha iwe na mviringo, na kulaza utepe wa faibaglasi juu yake. Ikikauka, kata waya za nje, zipe kingo mviringo kwa msasa, na utandike utepe upande wa nje pia. Kiungo hicho, kikifanywa vizuri, kina nguvu kuliko plaiwudi yenyewe. Kuta za ndani za kukata chombo, viti na ukingo wa juu vinaongeza ugumu, na mataruma hayahitajiki.

Mbao na gundi katika joto letu

Plaiwudi ni matabaka membamba ya mbao, idadi yake ni witiri, kila tabaka likikatisha uzi wa mwenzake. Mpangilio huo ndio unaoizuia kupasuka na kuvimba kama ubao wa kawaida. Lakini uhai wake umo katika gundi iliyounganisha matabaka. Plaiwudi ya baharini inayofuata kiwango cha BS 1088 ina gundi isiyoyeyuka kwa maji na haina mashimo katika matabaka ya ndani. Usipoipata, au ukitilia shaka muhuri ulioandikwa, jipimie mwenyewe: kata kipande, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Matabaka yakiachana, mzigo huo unafaa kwa kabati na si kwa bahari. Mirror ilitumia plaiwudi ya milimita 5 tu, kwa hiyo ubora ni muhimu kuliko unene.

Kwa mlingoti, foromali na ukingo wa juu, tafuta mbao nyepesi zenye uzi ulionyooka na zisizo na vifundo. Paina kutoka mashamba ya nyanda za juu, kama yale ya Sao Hill, Mufindi, inafaa ukichagua kwa uangalifu, ubao mmoja mmoja. Mvule na mninga ni mbao za heshima, ila ni nzito kwa mlingoti wa chombo kidogo. Mvule uutumie chini, kwenye fito ya mkuku inayosuguana na mchanga kila siku.

Gundi ya siku hizi ni epoksi, nayo ina masharti. Vimiminika vyake viwili vichanganywe kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kupima na si kwa kukisia. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka kunaiharibu kabisa. Joto huiharakisha, na kila nyuzi 10 za ziada hupunguza muda wako wa kazi kwa karibu nusu. Kwa hiyo, katika Dar es Salaam au Mombasa, fanya kazi alfajiri, changanya kidogo kidogo, na umimine mchanganyiko katika sahani pana badala ya kikombe, kwa sababu epoksi iliyorundikana inajipasha moto yenyewe hadi kutoa moshi. Ikikauka, ioshe kwa maji kabla ya msasa ili kuondoa utando unaoteleza. Vaa glavu na barakoa tangu siku ya kwanza. Ngozi ikishaikataa epoksi huenda isiikubali tena maisha yako yote.

Kingo za plaiwudi ndizo mdomo wa kunywea maji. Kila ukingo na kila tundu la skrubu linyweshwe epoksi mpaka likatae. Kisha paka rangi, maana epoksi haistahimili jua likiipiga moja kwa moja. Adui mkubwa wa mbao si maji ya chumvi bali ni maji ya mvua yaliyotuama ndani: ndiyo yanayoleta kuoza. Ifunike mashua ikiwa nchi kavu, lakini acha hewa ipite. Chombo chepesi kina bahati nyingine: kinapandishwa ufukweni kila jioni, na mdudu wa baharini anayetoboa mbao za vyombo vinavyolala majini hapati nafasi. Madau makubwa hupakwa shahamu kwa ajili ya mdudu huyo huyo.

Hewa iliyofungiwa

Mashua inaelea kwa sababu inasukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Tuseme mashua, mlingoti na vifaa vyote ni kilo 65, na watu wawili ni kilo 140. Jumla ni kilo 205. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, kwa hiyo chombo kitazama kiasi cha kusukuma lita 200 tu, nacho kitatulia. Katika Ziwa Victoria, ambako maji ni matamu na mepesi zaidi, kitazama zaidi kidogo, lita 205.

Hesabu hiyo inabadilika siku kitakapopinduka, na chombo kidogo cha tanga hupinduka. Kisipokuwa na kitu cha kukizuia, kinajaa na kubaki kimezama mpaka ukingoni, wala upo wa kufulia maji haufui kitu. Ndiyo maana Mirror ina vyumba vilivyozibwa mbele na ubavuni. Hewa iliyomo inaibeba mashua hata ikiwa imejaa, na watu wawili wanaweza kuiinua, kupanda na kufua maji. Mchoro wowote usio na vyumba hivyo au mahali pa kufunga maboya ya ndani, uache. Na ukivijenga, visiwe na ufa. Vipulizie hewa kidogo, paka maji ya sabuni kwenye viungo, na utafute mapovu.

Mlingoti, tanga na ubao wa chini

Ngalawa na madau yetu hubeba tanga la pembe tatu kwenye foromali ndefu. Ni tanga lenye nguvu kubwa mbele ya upepo wa msimu, lakini kuligeuza upande wa pili wa mlingoti kunahitaji mikono iliyozoea. Mirror ina tanga la foromali fupi inayopandishwa kwa henza hadi ikasimama karibu sambamba na mlingoti, pamoja na tanga dogo la mbele. Yote mawili yanafika mita za mraba 6.5 hivi. Fito zake ni fupi kiasi cha kulala ndani ya chombo, na anayejifunza anageuza upande kwa kusukuma kana ya usukani tu.

Tanga la kwanza unaweza kulishona kwa turubai imara. Lisikatwe kwa mistari iliyonyooka, kwani litakuwa bapa na halitavuta. Kingo zake ziwe na mviringo kama mchoro unavyosema, ili likifungwa kwenye mlingoti lipate tumbo.

Tumbo hilo ndilo siri ya kwenda joshi. Upepo ukipita juu ya tanga lililopinda unageuzwa njia, na tanga linasukumwa. Sehemu kubwa ya msukumo huo ni ya kwenda ubavuni, sehemu ndogo ni ya kwenda mbele. Chini ya chombo kuna ubao unaoshushwa majini kupitia tundu la katikati. Huo unaukataa mwendo wa ubavuni, na kinachobaki ni mwendo wa mbele. Bila ubao huo mashua itaelea kombo kuelekea upepo unakokwenda.

Mahali pa mlingoti, ukubwa wa tanga na mahali pa ubao vimepimwa vikiwa pamoja. Msukumo wa tanga ukiwa nyuma kidogo ya ukinzani wa ubao, ukiachia kana mashua inageuza omo kuutazama upepo na kusimama, jambo linalokuokoa ukianguka. Mlingoti ukisogezwa mbele kupita kiasi, ukiachia kana chombo kinaukimbia upepo na kupata kasi usiyoitaka. Kwa hiyo anayeongeza tanga kwa sababu amebakiwa na kitambaa, au anayehamisha mlingoti apate nafasi ya kukaa, anavunja mizani asiyoiona.

Kusoma upepo kabla ya kuufuata

Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Mashua ya aina hii inakaribia hadi nyuzi 45 hivi, kisha inabidi kupiga bisha: kwenda kulia, kugeuza, kwenda kushoto, mpaka ufike. Somo la kwanza basi ni kujua daima upepo unatoka wapi, na la pili ni kwamba ukilegeza demani, tanga linapepea na chombo kinapunguza mwendo. Ukikumbwa na upepo wa ghafla, mkono wako ulegeze demani kabla hujafikiri. Usiifunge demani kwenye chombo kidogo, hata mara moja.

Kalenda ya Pwani inamsaidia anayejifunza. Kusi, kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba, ina siku za upepo mkali na mawimbi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni tulivu zaidi ingawa alasiri huweza kukaza. Katikati yake ni tanga mbili, majira ya upepo mwepesi unaobadilika, na hayo ndiyo ya kujifunzia. Jihadhari na umande, upepo wa asubuhi utokao nchi kavu: unalainisha maji ufukweni na kumvutia mgeni, huku ukimsukuma nje. Anza safari zako kwa kuelekea upepo unakotoka, ili ukichoka ukusaidie kurudi.

Maji nayo yana ratiba. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mwambao wetu inaweza kukaribia mita 4, na mkondo katika milango ya miamba unashinda tanga dogo kwa urahisi. Siku za maji mafu ni salama zaidi kwa mwanafunzi. Ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa namna hiyo, lakini dhoruba za ghafla zimeua mabaharia wazoefu. Ukiona wingu jeusi limejenga, rudi.

Siku ya kwanza usisafiri. Nenda penye maji ya kifua, vaa jaketi la kuokoa maisha, uipindue mashua kwa makusudi, kisha uiinue na kuifua mpaka mwili uzoee. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, kwa hiyo beba makasia, nanga yenye kamba ndefu, upo na filimbi hata kama unakwenda karibu. Mwambie mtu wa pwani unakwenda wapi na utarudi lini. Kabla ya hayo yote, ulizia masharti ya usajili na ukaguzi: kwa Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya.

Na usiwapite mafundi wetu kwa sababu umepata mchoro. Fundi wa Nungwi au Matondoni, akiitwa kwa heshima na akalipwa siku yake, ataona kwa dakika chache fito isiyokaa sawa au ubao wenye ugonjwa ndani. Mchoro hauwezi kukuonyesha hilo.

Ewe unayetamani mashua yako mwenyewe, usianze kwa kununua mbao. Chukua mchoro wa chombo cha mita 3, punguza vipimo vyake mara kumi, kata boksi la karatasi ngumu, na uuunge mfano huo kwa gamutepe. Kazi hiyo ni ya jioni moja. Mfano ukikaa sawa mezani, umeshaelewa kazi nzima, na unaweza kwenda kutafuta plaiwudi. Ukikataa kukaa sawa, umepoteza karatasi tu. Kata mwingine.